Mzigo wa waziri ataubeba nani?

Neno waziri tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na sisi Waswahili tukalipandisha cheo. Siku hizi tukilisikia, fikra zinakwenda moja kwa moja kwenye gari lenye bendera, walinzi, na wanafunzi waliopangwa juani tangu asubuhi wakisubiri mgeni rasmi. Kwa asili yake neno hili halikuwa na fahari hiyo. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake mashuhuri juu ya hukumu za utawala ametaja asili tatu. Wapo waliosema linatokana na wizr, yaani mzigo, kwa kuwa waziri humbebea mtawala mzigo wake. Wapo waliosema linatokana na wazar, yaani kimbilio, kwa kuwa mtawala hukimbilia kwenye rai yake. Na wapo waliosema ni azr, yaani mgongo, kwa kuwa mtawala hupata nguvu kwake kama mwili upatavyo nguvu kwa mgongo.

Vyovyote iwavyo, waziri ni msaidizi. Nabii Musa (AS) alipotumwa kwa Firauni alimuomba Mola wake ampe waziri katika watu wake, naye ni Harun nduguye (Qur'an, 20:29-32). Hakuomba bosi. Aliomba mtu wa kumtia nguvu na kushirikiana naye katika kazi.

Sasa ikiwa waziri wetu wa leo ni msaidizi wa Rais, yule kijana aliyeajiriwa juzi wizarani, anayeandika dokezo usiku ili Waziri alisome asubuhi, huyo naye ni nani? Kwa maana ya asili ya neno, huyo ndiye waziri wa waziri. Na hapa ndipo lilipo swali langu la leo: kijana huyu tunamfundisha nini?

Utaratibu upo. Tangu mwaka 2000 tunacho Chuo cha Utumishi wa Umma, na tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Utumishi wa Umma, na chini yake zipo kanuni na miongozo ya maadili isiyohesabika. Mtumishi mpya hupitishwa katika mafunzo elekezi. Anafundishwa muundo wa serikali, ngazi za mawasiliano, namna jalada linavyotoka masjala na kurudi masjala, namna ya kuandika barua ya serikali, kutunza siri, kuvaa kwa heshima na kuwahi kazini. Sidharau hata kimoja katika hivyo. Mtumishi asiyeweza kuandika ukurasa mmoja ambao Waziri atauelewa katika dakika chache baina ya kikao na kikao, huyo hata awe mchamungu wa namna gani, hamsaidii. Qur'an yenyewe imemsifu mwajiriwa bora kwa sifa mbili zilizokwenda pamoja: nguvu na uaminifu (28:26). Na Nabii Yusuf (AS) alipojitolea kusimamia hazina ya Misri alitaja kuwa yeye ni mlinzi na ni mjuzi (12:55). Hakusema tu mimi ni mtu wa dini, nipeni funguo.

Tatizo ni kuwa mafunzo yanamwambia kijana amsaidie Waziri, lakini hayakai chini kumuuliza kusaidia maana yake nini. Likiachwa hivyo, kila mmoja hujipatia maana yake mwenyewe, na iliyo nyepesi kuliko zote ni hii: kumsaidia mkubwa ni kumfanyia anachotaka, upesi, bila kelele.

Kijana mmoja katika msikiti ninaosali, ambaye hajamaliza hata mwaka kazini, alinifuata baada ya swala ya Isha akaniuliza, "Maalimu, nikiambiwa niandike jambo ambalo najua si kweli, nifanye nini?" Nilimwambia anieleze zaidi. Akasema limekuja swali la mbunge kuhusu zahanati ya kijiji fulani. Yeye amefika pale kwa macho yake. Kuna boma tu, kuta hazina hata bati. Mkubwa wake wa kazi amemwelekeza aandike kuwa ujenzi "umefikia hatua nzuri na zahanati inatarajiwa kuanza kutoa huduma hivi karibuni." Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kuwa jambo hili limemkosesha usingizi kwa sababu anayekwenda kulisoma mbele ya Bunge ni Naibu Waziri, ambaye hajui lolote.

Tulifuatilie jibu hilo, ndugu msomaji, maana safari yake ndiyo somo lenyewe. Swali linatoka Bungeni linafika wizarani. Wizara inalishusha idarani. Idara inampa afisa, mara nyingi kijana, aandae rasimu. Rasimu inapanda kwa Mkurugenzi, inapitiwa, inapanda kwa Katibu Mkuu, inapitiwa tena, inafika kwa Waziri au Naibu wake. Siku ya siku, saa tatu asubuhi kule Dodoma, mheshimiwa anasimama na kusema kwa niaba ya serikali nzima. Mbunge naye anarudi jimboni na kuwaambia wapiga kura wake. Mama mjamzito wa kijiji kile anasikia kwenye redio kuwa zahanati yao imekaribia, na mwezi wake wa kujifungua ukifika anaipita ile boma akiwa amepakiwa kwenye baiskeli.

Nani amesema uongo hapo? Naibu Waziri atasema alisoma alichopewa. Katibu Mkuu atasema aliamini wataalamu. Mkurugenzi atasema rasimu iliandaliwa na afisa. Na afisa, ambaye katika wote hao ndiye pekee aliyeliona lile boma, atasema aliagizwa. Uongo mkubwa umesemwa mbele ya taifa na hakuna hata mmoja aliyeusema!

Wajanja wa lugha watasema hapo hakuna uongo, kwani neno "hatua nzuri" halina kipimo na "hivi karibuni" haina tarehe. Hili katika elimu ya sharia lina jina lake. Linaitwa tauriya, yaani kusema neno lenye sura mbili ili msikilizaji aelewe isivyo. Imam an-Nawawi amelieleza vizuri: penye haja au maslahi ya kisharia linaruhusiwa, pasipo haja ni makuruhu, na likitumika kuifikia batili au kuizuia haki ya mtu linakuwa haramu. Jibu la serikali kwa mwananchi si mazungumzo ya barazani wala si kumficha mtu anayekimbizwa na dhalimu. Ni ushahidi juu ya fedha yake na afya yake. Anayeukunja ushahidi huo kwa maneno ya hatua na michakato ameizuia haki, na hakuna mlango wa tauriya pale.

Rudi sasa kwenye swali letu, kusaidia maana yake nini. Mtume (SAW) katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (RA) na kunukuliwa na Abu Daud ameeleza kuwa Allah akimtakia kheri kiongozi humjaalia waziri mkweli, ambaye kiongozi akisahau humkumbusha, na akikumbuka humsaidia. Na akimtakia kinyume cha hivyo humjaalia waziri mbaya, akisahau hamkumbushi, na akikumbuka hamsaidii. Tazama mpangilio wake. Kazi ni mbili, na ya kukumbusha imetangulia ile ya kusaidia. Mafunzo yetu yameshika nusu ya pili. Kukumbusha tumekuachia ujasiri wa mtu binafsi, kana kwamba ni karama aliyozaliwa nayo na si ufundi wa kazi unaofundishika.

Na iko hadithi nyingine, ya Anas bin Malik (RA) katika Bukhari, ambapo Mtume (SAW) aliamrisha mtu amnusuru nduguye akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa. Masahaba wakashangaa. Aliyedhulumiwa tunaelewa, huyu dhalimu anasaidiwaje? Jibu likawa: kwa kumzuia na dhulma yake, huko ndiko kumnusuru. Kwa kipimo hiki, yule Naibu Waziri asiyejua chochote ana haki ya kusaidiwa kabla hajasimama. Kumwandikia jibu tamu ni kumtelekeza.

Nimesema waziri ni mbeba mzigo. Katika siasa zetu hilo limeonekana. Katika miaka ya 1970 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Raia walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Usukumani. Yeye hakumgusa mtu wala hakutoa amri ile, lakini walikuwa watu wa wizara yake, akajiuzulu. Aliubeba mzigo wa walio chini yake, na Watanzania hawakumsahau, kwani mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi. Februari 7, 2008, kwa sababu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Huko nako kamati ya Bunge haikuishia kwa wanasiasa. Taarifa yake iliwagusa na watendaji wa serikali, watu ambao majina yao hayajawahi kuwa kwenye karatasi ya kura.

Lakini hapa pana jambo ambalo ningependa kila mtumishi mpya alisikie siku ya kwanza. Neno lile lile, wizr, ndilo lililotumika katika Qur'an pale Allah (SW) alipotangaza kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:164). Ni mzizi mmoja. Kwa hiyo waziri hubeba mzigo wako hapa duniani, Dodoma, mbele ya Spika na mbele ya waandishi wa habari. Atajiuzulu kwa ajili yako. Akhera hatakubebea hata unyoya. Yeye atakuwa na wake, wa kutouliza. Wewe utakuwa na wako, wa boma lile uliloliona.

Kuna wanaodhani amri ya mkubwa ni ngao. Qur'an imewakata tamaa mapema. Ilipowahukumu Firauni na waziri wake Hamana haikuwaacha nje askari wao, bali wote iliwahesabu kuwa ni wakosa (28:8). Askari wa Firauni hakubuni siasa ya kuua watoto wa Wana wa Israili. Alipewa orodha ya nyumba, akagonga mlango. Na wale watakaosema Siku ya Kiyama kuwa walikuwa wakiwatii mabwana zao na wakubwa zao (33:67), hatusomi popote kuwa hoja hiyo ilipokelewa.

Mfano wa karibu zaidi tunao. Julai 2011 ilisomwa Bungeni barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara kuchangia fedha za kufanikisha uwasilishaji wa bajeti ya wizara hiyo. Nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme. Yaliyofuata yanajulikana: Katibu Mkuu akasimamishwa, ukaguzi ukafanyika, akatangazwa kuwa hana hatia, Bunge likakataa na kuunda kamati teule. Sirudii kesi hiyo. Ninachouliza ni jambo dogo tu. Barua ya serikali haijipigi chapa yenyewe. Ina kumbukumbu namba, ina jalada, inapita masjala, inasajiliwa, inafungwa, inapelekwa. Katika mikono yote hiyo, je, palikuwa na mtu aliyefundishwa kuwa kusema "Mheshimiwa, hili lina walakini" ni sehemu ya kazi anayolipwa mshahara?

Hata hivyo sitaki kijana yeyote asome makala hii akatoka anadhani kila anapotofautiana na Waziri basi yeye ni Musa na Waziri ni Firauni. Hilo nalo ni janga, na tunalo maofisini. Yuko mtumishi ambaye rai yake ikikataliwa, basi jalada linalala. Halikataliwi, halikubaliwi, linalala tu. Anaita huko kusimamia taaluma. Waziri amekabidhiwa dhamana na Rais, na Rais amechaguliwa. Akiamua jambo lililo ndani ya sheria, hata kama wewe ulipendekeza jingine, umeshasema, tekeleza.

Sira inatupa picha mbili ambazo zingetosha kuwa somo zima la chuo. Ya kwanza ni Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Wanasira wanasimulia kuwa Mtume (SAW) alipiga kambi mahali fulani, akaja sahaba al-Hubab bin al-Mundhir (RA) akauliza kwanza: hapa ni mahali alipokuteremsha Allah, hatuna ruhusa ya kusogea mbele wala nyuma, au ni rai na mbinu za vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, akasema basi hapa si mahali pazuri, twende kwenye visima vilivyo karibu zaidi na adui. Mtume (SAW) akaikubali rai hiyo na kambi ikahamishwa. Tazama ufundi wa mtu huyu. Hakukaa kimya kwa sababu aliyechagua mahali ni mkubwa. Wala hakuropoka. Aliuliza kwanza kama jambo lina nafasi ya mjadala, kisha akatoa rai pamoja na njia ya kuitekeleza. Dokezo lolote zuri la wizara lina vipande hivyo hivyo.

Picha ya pili ni Uhudi, mwaka uliofuata. Mashauriano yalifanyika kama watu wapigane ndani ya Madina au watoke. Mtume (SAW) alielekea kubaki. Wengi, hasa vijana waliokosa Badri, walitaka kutoka, na uamuzi ukawa kutoka. Abdullah bin Ubayy naye alikuwa na rai ya kubaki. Katikati ya safari akageuza na watu wake wapatao 300, theluthi ya jeshi, akarudi nyumbani akilalamika kuwa wamesikilizwa wengine naye hakusikilizwa. Sasa hapa fikiri vizuri. Rai yake ilikuwa sawa na rai ya Mtume mwenyewe (SAW)! Na aliyekuwa na rai ile ile, Mtume (SAW), baada ya uamuzi alivaa deraya yake na kwenda. Kwa hiyo kilichomharibu Ibn Ubayy si ubovu wa ushauri wake. Ni kule kudhani kwamba ushauri mzuri uliokataliwa unampa mtu ruhusa ya kuliangusha jeshi. Ninawajua wataalamu wazuri sana, wenye shahada, ambao ugonjwa wao ndio huu.

Basi mipaka ni hii. Penye rai, sema wazi, kisha utii uamuzi. Penye haramu na penye kuvunja sheria ya nchi, hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Boma kuitwa zahanati si suala la rai. Bati ama lipo au halipo.

Nikamwambia yule kijana maneno haya, lakini kwa ufupi zaidi, na naye akanirudisha ardhini. "Maalimu, mama yangu ananitegemea. Mkopo wa chuo unakatwa kwenye mshahara. Nikionekana mkorofi watanihamisha." Ni rahisi kwangu mimi mwenye safu ya gazeti kumjibu kuwa riziki iko kwa Allah. Ni kweli iko kwa Allah, lakini neno hilo linalosemwa na mtu asiyehatarisha kitu lina uzito mdogo. Na khofu ya kijana huyu haikutoka hewani. Kati ya mwaka 2015 na 2021 tuliona watendaji wakitumbuliwa jukwaani mbele ya kamera. Wapo waliostahiki. Lakini kwa maoni yangu wapo wengi zaidi waliojifunza kutokana na tamasha lile kuwa usalama upo katika kunyamaza, na somo hilo halikuondoka na zama zile.

Kinachotakiwa ni kumpa njia. Hadithi ya kuondoa uovu imeweka ngazi: mkono, ulimi, moyo. Ofisini nako ziko ngazi, na mtu anaweza kufundishwa kuzipanda bila kuvunjika shingo. Aanze kwa mdomo, faragha, kwa adabu, akiwa na picha za boma mkononi. Isipofaa, aandike ndani ya jalada, mistari mitatu bila matusi: nilifika tarehe fulani, nilichokiona ni hiki, napendekeza jibu liseme hivi. Karatasi iliyoingia kwenye jalada ikapewa namba ya ukurasa ina ulimi mrefu. Mkaguzi akija miaka mitano baadaye ataikuta inasubiri. Akiendelea kushinikizwa, aombe maelekezo yatolewe kwa maandishi. Utashangaa wakubwa wangapi wanaosema kwa mdomo mambo ambayo kalamu zao hazitayasema. Na yakivuka hapo yakawa jinai, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Imeandikwa vizuri. Kijana wa masjala hajawahi kuisikia.

Hili la kuomba maandishi si ugeni wala si ukorofi. Uingereza, ambako tumerithi mfumo huu wa makatibu wakuu, ni desturi inayotambulika. Mwaka 1991 Sir Tim Lankester, Katibu Mkuu wa idara ya misaada ya nje, alikataa kuidhinisha pauni milioni 234 za kujenga bwawa la umeme la Pergau nchini Malaysia, kwa kuwa aliona ni matumizi mabaya ya fedha ya misaada. Nyuma ya pazia palikuwa na biashara ya silaha. Hakwenda kwenye magazeti wala hakugoma. Alisema wazi kwa mawaziri kuwa hawezi kuisaini bila amri ya maandishi. Waziri Douglas Hurd akaitoa, fedha ikatoka, na Lankester akaendelea na kazi. Mwaka 1994 mahakama ikatamka kuwa uamuzi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Bwawa lilijengwa, dhulma haikuzuiwa, sitaki kuipamba hadithi. Lakini kila mzigo ulikuwa umeandikwa jina la mwenyewe.

Wakubwa nao wafundishwe. Imesimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdulaziz alimwagiza Amr bin Muhajir, mkuu wa walinzi wake, kwamba akimwona ameiacha haki amkamate nguo, amtikise, na kumuuliza unafanya nini ewe Umar. Mtawala wa dola kubwa kuliko zote za zama zake alimpa mlinzi idhini ya kumtikisa! Waziri anayerusha jalada sakafuni kwa sababu lina habari mbaya, huyo amejinyima mwenyewe waziri mkweli, asije akalalamika kuwa aliandikiwa uongo.

Gazeti hili na wasomaji wake kwa miaka mingi wamelia juu ya uchache wa Waislamu katika ofisi za juu za serikali. Kilio hicho sikifuti. Tumejenga shule, na tangu mwaka 2005 tuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, na vijana wetu wanaingia maofisini. Alhamdulillah. Lakini yule mama kwenye baiskeli hatafarijika kujua kuwa aliyeandika jibu lile anaitwa Abdallah na si John. Al-Mawardi, niliyeanza naye, aliugawa uwaziri mafungu mawili. Upo wa kukabidhiwa mamlaka, na upo wa utekelezaji, ambao kazi yake ni kufikisha habari kwa mtawala na kutekeleza amri zake, yaani kazi hasa ya watumishi wetu. Kwa huyu wa pili alitaja sifa: amana ili asikhini, ukweli wa ulimi ili habari zake ziaminike, uchache wa tamaa ili asihongeke, asiwe na uadui na watu, awe na kumbukumbu, awe na akili, asiwe mtu wa matamanio. Kisha akasema uwaziri huu anaweza kuushika hata asiyekuwa Muislamu. Hayo yaliandikwa Baghdad karibu miaka elfu moja iliyopita, chini ya ukhalifa. Wanaotaka vijana wetu waajiriwe, nami ni mmoja wao, watazame kwanza ni ngapi katika sifa hizo saba tunazifundisha madrasa.

Na wanaopanga mafunzo elekezi ningewaomba nusu siku tu, katika zile zote wanazotumia kufundisha itifaki. Mpeni kijana picha za boma lisilo na bati. Mpeni rasimu ya jibu inayosema zahanati imefikia hatua nzuri. Mwekeni mbele yake mkufunzi mmoja mwenye sauti nzito, aigize mheshimiwa aliyelala saa tatu tu usiku, mwenye hasira, anayesubiriwa na gari nje. Saa ya ukutani isomeke saa mbili na nusu asubuhi, Bunge linaanza saa tatu. Kisha mwacheni aseme.